Kabla ya kumwita dereva mwizi, pima magurudumu

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo nusura litenganishe familia moja mtaani mwetu. Halikuwa shamba la urithi wala mahari. Lilikuwa magurudumu ya gari.

Jirani yangu mmoja alichukua mkopo katika chama chao cha akiba na mikopo, akanunua Toyota Aqua iliyotumika kutoka Japani. Bila shaka umeyaona magari hayo, kwani yamejaa Nairobi kama kumbikumbi baada ya mvua. Ni gari dogo la haibridi, yaani lina injini ya petroli ya lita 1.5 pamoja na mota ya umeme na betri yake. Jirani hakulinunua la kutembelea. Alilitia katika biashara ya teksi, zile zinazoitwa kwa simu, akampa mtoto wa kaka yake aliendeshe. Mapato yalikuwa ya kulipia mkopo na karo ya binti yake aliye kidato cha nne.

Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Kila jioni kijana alijaza tangi pomoni katika kituo kile kile, akaleta pesa, risiti ya petroli na hesabu ya kilomita. Binti aliyaandika yote katika daftari. Kwa miezi mitano daftari halikutikisika: kilomita 20 kwa kila lita, kwa wastani. Siku ya kilomita 200 ilikula lita 10, basi.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba. Unajua tena mambo ya mjini, msomaji. Siku hizi gari lisilo na rimu kubwa huonekana kama bwana harusi aliyevaa patipati. Jirani naye akashawishika. Alikwenda kwa muuza rimu, akatoa magurudumu yaliyokuja na gari, ya inchi 15, akavalisha ya inchi 17 yenye kumetameta na tairi pana. Muuzaji aliyachukua yale ya zamani kama sehemu ya malipo. Gari lilirudi mtaani likiwa limebadilika sura, na watoto walilizunguka kama harusi.

Wiki mbili hazikupita kabla ya daftari kuanza kusema lugha nyingine. Kwa kilomita 200 zile zile, gari sasa lilikunywa karibu lita 12. Jirani alinyamaza wiki ya kwanza. Wiki ya pili akauliza. Wiki ya tatu akapiga hesabu ya lita mbili kwa siku, kwa siku 26 za kazi, akapata lita zaidi ya 50 kwa mwezi. Akaamua kwamba kijana alikuwa akinyonya petroli tangini na kuiuza.

Jumapili moja jioni aliniita kwake niwe shahidi. Kijana alikuwa amekwisha kufungasha nguo zake, maana alikwisha ambiwa kwamba kesho yake angerudi mashambani. Alikuwa amesimama karibu na mlango, macho yakitazama sakafu.

"Baba mdogo, ukitaka niape nitaapa," alisema. "Petroli ya gari lako sijaiba hata ya kujaza kibiriti."

"Basi inakwenda wapi?" jirani akauliza. Hakupata jibu.

Aliyevunja kimya hicho ni yule binti. Alikuwa na daftari mkononi. "Baba, tazama tarehe," alisema. "Mambo yalibadilika wiki ile ile gari lilipovalishwa viatu vipya. Kabla ya hapo, hakuna siku hata moja iliyopungua hivi."

Ama kwa hakika, msomaji, wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Hebu sasa tuketi kitako tuone jinsi gurudumu linavyoweza kula petroli, maana jambo hili linawahusu wengi wanaonunua magari haya wakitafuta nafuu.

Tuanze na haibridi yenyewe. Siri ya kubana kwake mafuta ni mambo mawili makubwa. Kwanza, gari linapokwenda polepole au kusimama katika msongamano, injini huzimika na mota ya umeme huchukua kazi. Pili, dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta. Nguvu ambayo katika gari la kawaida hupotea bure kama joto la breki, hapa hurudishwa betrini kiasi fulani na kutumiwa tena. Ndiyo maana haibridi hufurahia mji wenye foleni kuliko magari mengine.

Lakini kuna mambo ambayo hata haibridi haiwezi kuyarudisha. La kwanza ni msuguano wa tairi na barabara. Tairi linapobiringika, mpira wake hubonyea na kunyooka, hubonyea na kunyooka, na kila mara hupata joto. Guse tairi baada ya safari ndefu utaamini. Joto hilo limetoka katika petroli yako na halirudi tena. Waundaji wa haibridi walilijua jambo hili, wakayavalisha magari yao tairi nyembamba za mpira maalumu unaobiringika kwa urahisi. Ukizitoa tairi hizo na kuweka pana za mpira wa kawaida, umeondoa mojawapo ya nguzo za nyumba.

La pili ni uzani. Rimu kubwa, hasa zile za bei nafuu, aghalabu ni nzito. Tena uzani wa gurudumu si sawa na uzani wa gunia lililo butini. Gunia husukumwa mbele tu, ilhali gurudumu husukumwa mbele na pia kuzungushwa. Kadiri uzito ulivyo mbali na kitovu, ndivyo nguvu zaidi zinavyohitajika kuuanzisha. Fikiria teksi ya Nairobi inavyosimama na kuondoka mara mamia kwa siku. Kila kuondoka, mota huvuta umeme zaidi, betri hupungua mapema, na injini huamka mapema kusaidia. Kweli, breki hurudisha sehemu ya nguvu hizo, lakini kila mara umeme unapoingia na kutoka betrini, kiasi fulani hupotea njiani.

La tatu ni upepo. Tairi pana hukutana na hewa nyingi zaidi. Mjini huoni tofauti, lakini katika barabara kuu upepo huo hulipiwa kwa petroli.

Utauliza, je, gari la kawaida nalo halipati hasara hiyo? Hulipata. Lakini mwenye magunia kumi ya mahindi hatambui panya mmoja, na mwenye debe moja humtambua siku hiyo hiyo. Gari la kawaida hupoteza mafuta mengi likiwa limesimama na injini inanguruma, na mengine katika breki. Haibridi imekwisha kuziba mianya hiyo. Kwa hiyo katika kile kidogo inachotumia, sehemu ya tairi ni kubwa zaidi, na ukiiongeza hasara huonekana upesi.

Haya si maneno ya vijiweni. Tazama Toyota Prius ya mwaka 2023 kama ilivyouzwa Marekani. Gari ni lile lile, injini ni ile ile ya lita 2.0. Ile ya bei ya chini ina magurudumu ya inchi 17, nayo katika vipimo vya serikali ya huko ilipewa maili 57 kwa galoni. Zile za bei ya juu, zenye magurudumu ya inchi 19, zilipewa maili 52. Kwa hesabu zetu, hiyo ni kama kilomita 24 kwa lita dhidi ya 22. Vifaa vya anasa huongeza uzani kidogo, lakini tofauti iliyo dhahiri zaidi ni magurudumu. Na kumbuka kwamba waundaji wenyewe walikuwa waangalifu, kwani zote mbili zina tairi za upana wa milimita 195. Ikiwa kiwandani kwenyewe hasara haikuepukika, sembuse kwa muuza rimu wa kando ya barabara?

Jarida la magari la Marekani, Car and Driver, nalo lilifanya jaribio mwaka 2010. Lilichukua Volkswagen Golf, gari lisilo la haibridi, likalivalisha magurudumu ya inchi 15 hadi 19. Kutoka dogo kabisa hadi kubwa kabisa, gari lilipoteza karibu asilimia 10 ya uwezo wake wa kwenda mbali kwa mafuta yale yale, na likawa zito kuondoka.

Sasa turudi sebuleni kwa jirani. Hapo palikuwa na fumbo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria, nalo ndilo lililomtia kijana matatani zaidi. Gari halina macho ya kuona mawe ya kilomita. Huhesabu mizunguko ya gurudumu, kisha huzidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja wa gurudumu lililotoka nalo kiwandani. Ukibadilisha ukubwa wa gurudumu na usiliambie gari, litaendelea kuhesabu kwa kipimo cha zamani.

Chukua kalamu tupige hesabu, na wewe mwanafunzi usikimbie. Tairi za zamani ziliandikwa 175/65R15. Hiyo 175 ni upana kwa milimita. Hiyo 65 inamaanisha kwamba kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 113.75. Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ina milimita 381. Jumlisha rimu na kuta mbili, ya juu na ya chini, utapata kipenyo cha milimita 608.5.

Tairi mpya ziliandikwa 205/50R17. Fanya vivyo hivyo na utapata milimita 636.8. Tofauti ni karibu sentimita 3, au asilimia 4.65. Kwa mzunguko mmoja, gurudumu la zamani lilikwenda mita 1.91, na jipya huenda mita 2.00.

Tulilihakikisha jambo hilo kesho yake. Sote wanne tuliingia garini, tukashika Barabara Kuu ya Thika kutoka Roysambu, simu ikipima safari kwa setilaiti. Tulikwenda na kurudi mpaka simu ikahesabu kilomita 50. Binti aliinama akasoma dashibodi. Ilikuwa haijafika 48.

Nilimwona jirani akimtazama kijana kupitia kioo, kisha akaangalia nje ya dirisha.

Maana yake ni hii. Dashibodi iliposema 200, gari lilikuwa limekwenda kilomita 209. Kijana alikuwa akifanya kazi ya kilomita 9 zaidi kila siku bila kuandikiwa, na petroli ya kilomita hizo, karibu nusu lita, ikahesabiwa kuwa ameiba. Zile lita zilizobaki, karibu moja na nusu kwa siku, ndizo zilizoliwa na magurudumu yenyewe. Gari halikuwa tena la kilomita 20 kwa lita, wala halikuwa la 16.8 kama daftari lilivyodai. Lilikuwa la kilomita 17.6. Hasara ya kweli ilikuwa asilimia 12.

Huenda ukasema lita moja na nusu si kitu. Haba na haba hujaza kibaba, msomaji, na pia hukimwaga. Chukua petroli kwa shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Hizo ni zaidi ya shilingi 250 kwa siku, na kwa siku 26 ni zaidi ya shilingi 6,600. Hizo ni pesa za mkopo na za karo zikitoka moshi ili gari lipendeze. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na kuna hatari nyingine. Kasi ya gari hupimwa kwa mizunguko hiyo hiyo. Dashibodi ikionyesha ile ile 50 ya mjini, gari sasa linakwenda kasi zaidi kuliko lilivyokwenda zamani kwa 50 hiyo hiyo. Polisi wakikusimamisha, sijui kama watataka kusikia habari za kipenyo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba rimu kubwa ni haramu. Tairi pana yenye ukuta mfupi hushika barabara vizuri zaidi penye kona kavu, na mtu akipenda sura ya gari lake, pesa ni zake. Ninachosema ni kwamba ajue bei yote, si ile tu aliyoandikiwa kwenye risiti. Akiwa na gari la biashara, au amelinunua ili abane matumizi ya nyumbani, basi afikiri mara mbili.

Ukiwa bado unataka kubadilisha, zingatia haya. Kwanza fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo kwenye nguzo. Hapo kuna ukubwa wa tairi uliokusudiwa na kiasi cha upepo. Mabadiliko ya rimu yaende pamoja na ukuta mfupi zaidi, ili kipenyo cha nje kibaki karibu na cha zamani. Mathalani, kwa gari kama la jirani, tairi ya 195/50R16 ina kipenyo cha milimita 601, tofauti ya asilimia 1 tu na ile ya kwanza. Mafundi wengi husema usipite asilimia 3.

Pili, usione haya kuomba mizani. Pima gurudumu la zamani likiwa na tairi, kisha upime jipya. Likiwa zito zaidi, umejua. Tatu, uliza tairi zinazobiringika kwa urahisi, na usome tarehe yake. Kuna tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukiona 2321, tairi hiyo iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2021.

Nne, kumbuka barabara zetu. Ukuta wa tairi ndio mto unaopokea mashimo na matuta. Ukuta wa zamani wa gari la jirani ulikuwa na milimita 114. Ukivalisha 205/45R17 unabaki na 92. Shimo moja la usiku wa mvua linaweza kukata tairi na kupinda rimu kwa pigo moja.

Tano, na hili halina gharama: pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, tairi zikiwa baridi. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila upepo unapopungua kwa kipimo kimoja cha paundi, uwezo wa gari kwenda mbali hupungua kwa asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini tairi zilizopungukiwa na paundi 10 zimekwisha kula asilimia 2.

La mwisho, weka daftari. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, endesha, jaza tena pomoni, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizotia. Usiamini kumbukumbu, na usiamini dashibodi kabla ya kuilinganisha na simu ikiwa umebadilisha magurudumu.

Jirani aliyauza magurudumu yale yaliyometameta kwa bei ya hasara. Yale ya kwanza hakuyapata, kwani muuzaji alikuwa amekwisha kuyauza, na ikambidi atafute mengine ya inchi 15 katika Barabara ya Kirinyaga. Tangu hapo daftari limerudi mahali pake, 20 kasoro kidogo.

Kijana hakurudi mashambani. Jioni ile tuliporudi kutoka Thika, jirani aliingia ndani mwenyewe, akautoa mfuko wa nguo uliokuwa mlangoni, akaurudisha chumbani kwa kijana. Kisha akatoka, akasema mbele yetu sote, "Mwanangu, nilikukosea." Kijana aliitikia, "Yamekwisha, baba mdogo." Lakini nilipowatazama nilijua kwamba neno mwizi likisha kusemwa ndani ya nyumba halitoki kwa siku moja.

Basi msomaji, kabla ya kumshuku dereva, ndugu au mfanyakazi wako, mshuku kwanza yule asiyeweza kujitetea kwa sababu hana mdomo. Huenda amelala nje, mguu juu ya changarawe, anameremeta.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.